Mtu Mmoja na Umma: Tatizo la Kuigiza Tanzia ya Coriolanus

Katika fasihi ya ulimwengu zipo tanzia nyingi zinazomsimamisha mtu mmoja mbele ya wengi na kutuuliza tuko upande gani. Antigone wa Sophocles anapinga amri ya mtawala ili amzike nduguye. Daktari Stockmann, katika tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1882, anapinga mji mzima kwa kuwa amegundua kwamba maji ya kuogea yanayouletea mji huo fedha yamechafuliwa. Katika tamthilia hizo mbili mtazamaji hapati taabu kubwa ya kuchagua. Antigone ana haki ya marehemu na Stockmann ana ukweli. Wanaowapinga wana nguvu tu.

Tanzia ya William Shakespeare iitwayo Coriolanus haitupi nafuu hiyo. Shujaa wake hana siri ya kufichua wala mnyonge wa kumtetea. Anacho kipaji cha vita, anao unyofu usiojua hila, na anayo dharau isiyo na mpaka kwa watu wa kawaida. Watu hao nao si waovu. Wana njaa, wana haki ya kulalamika, na wana udhaifu wa kuyumbishwa na maneno. Mwenye kuiigiza tanzia hii basi hawezi kukwepa swali: je, ni tanzia ya mtu mkubwa aliyeangushwa na wadogo, au ni tanzia ya watu walionyimwa chakula na baadaye wakanyimwa hata heshima?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jibu la swali hilo halitolewi na mwigizaji wa Coriolanus peke yake. Linatolewa zaidi na wale wanaoigiza umati. Aidha, tunakusudia kuonyesha kwamba kwetu sisi tunaosema Kiswahili, tatizo hili linaanza mapema zaidi, yaani katika uchaguzi wa maneno, kabla hata ya pazia kufunguliwa.

Kisa chenyewe

Wahakiki wengi hukubaliana kwamba Shakespeare aliiandika tamthilia hii mnamo mwaka 1608, na ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake. Habari zake alizitoa katika kitabu cha maisha ya watu mashuhuri cha Plutarch, alichokisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Kisa kinatokea Roma, karibu miaka mia tano kabla ya kuzaliwa Kristo, baada ya Warumi kuwafukuza wafalme wao.

Caius Martius ni mwana wa ukoo wa kikabaila. Anauteka mji wa Corioli wa Wavolski, maadui wa Roma, kwa kuingia peke yake ndani ya malango yake, na kwa hiyo anapewa jina la heshima la Coriolanus. Wakuu wa Seneti wanataka awe konsuli, yaani mmoja wa watawala wa juu. Lakini desturi inamtaka kwanza avae joho la unyenyekevu, asimame sokoni, awaonyeshe wananchi makovu yake ya vita na kuwaomba kura zao. Anasimama kwa shingo upande, anapewa kura, kisha watetezi wawili wa umma, Sicinius na Brutus, wanawashawishi wananchi wazirudishe. Hasira inamfanya Coriolanus atamke kwamba umma haustahili kuwa na watetezi kabisa. Anashtakiwa kwa uhaini na kufukuzwa. Anakwenda kwa adui yake mkubwa, Tullus Aufidius, na kurudi na jeshi la Wavolski kuiteketeza Roma. Mama yake, Volumnia, anamwendea kambini na kumwomba. Anakubali, anaiacha Roma salama, na Wavolski wanamwua kwa kuwasaliti.

Njaa kabla ya kiburi

Jambo la kwanza ambalo mwongozaji hana budi kulizingatia ni kwamba Shakespeare hakuanza na shujaa. Alianza na njaa. Watu wanaingia jukwaani wakiwa na marungu na mikongojo, na wa kwanza kusema miongoni mwao anaeleza wazi kwamba kinachomsukuma ni ukosefu wa mkate, wala si kiu ya kisasi. Anadai kwamba maghala ya wakubwa yamejaa. Kwa Plutarch, ghasia za kwanza zilitokana na riba na madeni. Suala la nafaka lilikuja baadaye. Shakespeare ndiye aliyeitanguliza nafaka.

Sababu yake si vigumu kuiona. Mwaka 1607, karibu na wakati alipoiandika tamthilia hii, wakulima wa wilaya za katikati ya Uingereza, ikiwamo Warwickshire alikozaliwa, waliasi kwa sababu ya ardhi yao kuzungushiwa ua na matajiri na kwa sababu ya uhaba wa chakula. Watazamaji wake wa London walijua habari hizo. Tena kumbukumbu za mji wake wa Stratford za mwaka 1598, mwaka wa dhiki, zinamtaja Shakespeare mwenyewe miongoni mwa waliokuwa na akiba ya kimea majumbani mwao. Mwandishi huyu basi alikuwa mtu aliyeweza kuisikia sauti ya mwenye njaa huku ghala lake likiwa na kitu. Pengine ndiyo maana hakuweza kusimama kikamilifu upande wowote.

Mzee Menenius anawatuliza watu hao kwa ngano ya tumbo na viungo. Viungo viliasi, anasema, kwa kuwa tumbo hukaa tu na kula. Tumbo likajibu kwamba lenyewe ndilo ghala la mwili, hupokea chakula ili likigawe kwa wote. Ngano hii ni tamu, na mara nyingi walimu huifundisha kama hekima iliyokamilika. Lakini tuitazame mahali ilipo. Inasimuliwa na mtu aliyeshiba kwa watu wasiokula. Swali lao lilikuwa moja tu: je, tumbo limegawa? Menenius halijibu swali hilo. Badala yake anamfanyia mzaha aliyeuliza, akimwita kidole gumba cha mguu cha kundi lile. Mwongozaji akiwafanya watu wacheke na kuridhika hapo, amekwisha kuwahukumu kuwa wajinga. Akiwafanya wasikilize kwa adabu ya kumstahi mzee huku matumbo yao yakiwa vile vile, amewaonyesha walivyo. Wahenga wetu walisema mwenye njaa hana miiko. Watu hawa bado wanayo miiko, kwani wanasimama na kusikiliza.

Umati si kitu kimoja

Jambo la pili ni kwamba tangu mwanzo umati huu haukubaliani. Raia wa Kwanza anamtaja Martius kuwa adui mkubwa wa umma. Raia wa Pili anamtetea, akikumbusha utumishi wake kwa nchi. Raia wa Kwanza anajibu kwamba mambo yote hayo aliyafanya kwa kumfurahisha mama yake na kwa sehemu kwa ajili ya kiburi. Tunawasihi wanafunzi walisome jibu hilo kwa makini. Mtu asiye na jina, mwenye njaa, mshika rungu, amesema kwa maneno machache jambo ambalo tamthilia itachukua sehemu tano kulithibitisha. Huyo si sehemu ya kundi la wanyama wenye vichwa vingi, kama Coriolanus anavyowaita. Ni mhakiki wa kwanza wa shujaa huyu, na ni mhakiki mzuri.

Vivyo hivyo katika onyesho la kupiga kura. Kabla ya Coriolanus kuingia, wananchi wanajadiliana. Wanakiri kwamba wana uwezo wa kumnyima, lakini wanaona kwamba akionyesha makovu yake, kumnyima kutakuwa ni utovu wa shukrani. Kisha hawamwendei wote kwa pamoja. Wanamwendea mmoja mmoja, wawili wawili, watatu watatu, na mwandishi mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo. Raia mmoja anamweleza kwamba cheo hicho hakina gharama kubwa: ni kuomba kwa upole tu. Hapo ndipo mahali ambapo tanzia ingeweza kuzuilika. Mbele ya mtu mmoja mmoja, Coriolanus alikuwa na nafasi ya kuona nyuso. Hakuziona.

Hapa pia Shakespeare alimwacha Plutarch. Kwa Plutarch, Martius alifuata desturi na kuonyesha makovu yake. Katika tamthilia anakataa. Anasema atayaonyesha faraghani, na haonyeshi. Wapo wanaolisifu jambo hili, wakisema kwamba shujaa wa kweli hauzi majeraha yake sokoni. Hoja hiyo ina uzito, na mwigizaji mzuri atatufanya tuione aibu yake ya kweli. Lakini makovu hayo aliyapata wapi? Aliyapata katika vita vya Roma, na Roma ni watu hao. Kwa kuyaficha anadai kwamba alipigana kwa ajili ya nafsi yake na tabaka lake peke yake.

Tukisema hivyo hatuna maana kwamba umati hauna lawama. Wananchi wanatoa kura zao na kuziondoa katika muda mfupi kwa sababu watetezi wao wamewafundisha la kusema, hata kisingizio cha kutumia. Baadaye, habari zinapofika kwamba Coriolanus anakuja na jeshi, mmoja wao anasema kwamba ingawa walikubali afukuzwe, mioyoni mwao hawakutaka. Watazamaji hucheka hapo, na wana haki ya kucheka. Lakini ni kicheko chenye uchungu. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kukaa katika mkutano, akanyoosha mkono pamoja na wengine, na kurudi nyumbani akijiambia kwamba hakukusudia? Tamthilia hii inatuonyesha kwamba wengi wakiwa na uwezo bila ya kuwa na muda wa kufikiri, uwezo huo hutumiwa na wachache waliowasimamia.

Jinsi jukwaa lilivyoegemea

Historia ya kuigizwa kwa tanzia hii ni historia ya kuegemea upande. Mhakiki wa Kiingereza William Hazlitt, akiandika mapema katika karne ya 19, alitoa hoja ambayo hadi leo ni vigumu kuijibu. Alisema kwa maana hii: kwamba ushairi kwa tabia yake huelekea upande wa nguvu, kwa sababu mawazo ya binadamu husisimkwa na simba anayewinda zaidi kuliko na kondoo wanaowindwa. Hazlitt alikuwa mpenda haki za watu, na jambo hili lilimsikitisha. Alikuwa amemwona John Philip Kemble, aliyeigiza Coriolanus kwa mara ya kwanza mwaka 1789 na kuliaga jukwaa kwa sehemu hiyo hiyo mwaka 1817. Kemble alimfanya shujaa huyo kama sanamu ya Kirumi, na sanamu haihitaji majirani.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1933 na 1934, tanzia hii iliigizwa Paris katika jumba la Comédie-Française wakati serikali ya Ufaransa ilipokuwa imechafuliwa na kashfa ya fedha. Wapinzani wa bunge walikuwa wakishangilia kila mara shujaa alipowatukana watetezi wa umma, na walioipenda jamhuri nao waliwazomea. Msimamizi wa jumba aliondolewa, na nafasi yake akapewa mkuu wa polisi. Tarehe 6 Februari 1934 ghasia za umwagaji damu zilizuka mitaani, na baada yake msimamizi akarudishwa. Maneno ya mshairi aliyekwisha kufa zaidi ya miaka mia tatu yalikuwa yamekuwa silaha. Nchini Ujerumani, wakati wa Wanazi, tamthilia hiyo hiyo ilisomeshwa shuleni kwa kusudi la kumtukuza kiongozi mmoja juu ya umma unaodaiwa kuwa hauwezi kujitawala. Jambo hili linawahusu walimu moja kwa moja: kitabu kile kile, mikononi mwa mwalimu asiyewapa raia wa jukwaani nyuso zao, kinaweza kuwa shule ya udikteta.

Bertolt Brecht alijaribu kuinyoosha fimbo kwa kuipinda upande wa pili. Katika miaka ya 1950 yeye na wenzake waliandika mazungumzo marefu juu ya onyesho la kwanza peke yake, wakieleza kwamba si jambo jepesi kwa wanyonge kuungana, maana anayeasi huhatarisha hata kile kidogo alicho nacho. Alifariki mwaka 1956 kabla ya kumaliza kazi yake, na kundi lake la Berliner Ensemble lililiigiza toleo hilo mwaka 1964. Humo, Roma haiokolewi na machozi ya mama. Wananchi wameshika silaha, na Volumnia anamwambia mwanawe kwamba moshi anaouona unatoka katika viwanda vya wahunzi wanaofua panga. Mwishoni, jamaa za marehemu wanapoomba ruhusa ya kuvaa nguo za msiba hadharani, wanakataliwa kwa neno moja.

Kazi hiyo ya Brecht ni kubwa, na imewafundisha waongozaji wengi kwamba hakuna shujaa asiyeweza kuachwa. Hata hivyo inaleta shida yake. Umma usiokosea ni sanamu vile vile, kama alivyokuwa shujaa wa Kemble. Günter Grass aliligusa jambo hili katika tamthilia yake ya mwaka 1966, ambamo kiongozi wa jukwaa yuko katika mazoezi ya Coriolanus tarehe 17 Juni 1953, siku ambayo wafanyakazi wa Berlin Mashariki waliandamana. Wafanyakazi wa kweli wanaingia kumwomba msaada, naye anawatumia kama kielelezo cha kuboresha maasi ya jukwaani. Kejeli hiyo inamgusa kila msanii anayewapenda wananchi katika karatasi.

Jaribio lingine lilifanywa London mwaka 1984, Peter Hall alipoiongoza tanzia hii katika Jumba la Taifa la Maigizo, Ian McKellen akiwa Coriolanus. Baadhi ya watazamaji walikaa jukwaani kwenyewe na kuchukuliwa kuwa sehemu ya umati. Wazo hilo lina mvuto, kwani linatukumbusha kwamba sisi tunaotazama ndio umma wenyewe. Lakini mtu hawi raia mwenye njaa kwa kusogezwa tu karibu na upanga. Raia wa jukwaani anahitaji kazi, nyumba, na sababu ya kuja sokoni siku hiyo.

Lugha yetu na majina ya wengi

Kwa wasomaji wa Kiswahili, Shakespeare si mgeni. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na Samuel Mushi alitafsiri Makbeth na Tufani. Wanafunzi wengi wamekutana na umati wa Roma katika Juliasi Kaizari, pale watu wanapomsikiliza Bruto, wakamkubali, kisha wakamsikiliza Antonio na kwenda kuchoma nyumba. Umati wa Coriolanus ni mgumu zaidi kuuigiza, maana unajadiliana.

Mfasiri wa Coriolanus atakutana na tatizo mara tu atakapoandika orodha ya wahusika. Awaite nani hawa? Akiandika kundi, ameleta picha ya ng'ombe. Akiandika umati au halaiki, ametaja wingi tu bila nafsi. Akiandika makabwela, ametaja tabaka na kuleta huruma. Akiandika raia, ametaja hali yao mbele ya dola. Akiandika wananchi, amewapa nchi. Hakuna neno lisiloegemea. Tunaona kwamba suluhisho si kuchagua moja, bali ni kuyagawa kwa kufuata msemaji. Coriolanus atawaita kundi. Menenius atawaita watu wangu, kwa sauti ya mzee anayebembeleza. Watetezi watawaita umma wanapotaka kuwatumia. Wenyewe kwa wenyewe wataitana jirani na ndugu. Kwa njia hiyo msikilizaji atatambua kwamba vita vya tamthilia hii ni vita juu ya jina.

Kadhalika liko suala la kura. Katika Kiingereza cha tamthilia hii, kura na sauti hutajwa kwa neno moja, na Shakespeare huchezea maana hizo mbili mara nyingi: Coriolanus anaomba sauti za watu ambao hataki kusikia sauti zao. Kwetu, kura ni neno linalotokana na kurushiana bahati, na hadi leo watoto hupiga kura ili kujua nani aanze. Mfasiri akitumia kura tu, atapoteza kejeli yote. Akitumia sauti mahali pa kuombea na kura mahali pa kuhesabia, ataihifadhi.

Tatizo kubwa zaidi ni la ushairi. Katika tamthilia ya Kiingereza, wakubwa husema kwa mashairi na wananchi husema zaidi kwa nathari. Hiyo ni alama ya tabaka, na ndiyo inayoipa nguvu hoja ya Hazlitt. Lakini katika utamaduni wetu ushairi haujawahi kuwa mali ya wakubwa peke yao. Mvuvi, mkulima na msafiri wamekuwa na mashairi yao; malumbano ya washairi yalijaza kurasa za magazeti; na ngonjera za Mathias Mnyampala zilichukuliwa na shule na vijiji baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwa kuwa watu wa kawaida waliweza kusimama wawili watatu na kujibizana kwa vina. Tukiwapa raia wa Roma nathari na kumwachia Coriolanus ushairi, tutakuwa tumeingiza katika Kiswahili alama ya ubwana ambayo haimo. Ingefaa kufanya kinyume: raia wa onyesho la kwanza wajibizane kwa mtindo wa ngonjera, kila mmoja na hoja yake, na Coriolanus, asiyetaka kujibizana na mtu, awe ndiye anayeivunja mizani kwa maneno yake makali.

Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969) anatupa mfano wa karibu. Kinjeketile anawapa watu neno, na neno hilo linakua hadi linamshinda aliyelitoa. Anataka wangoje, nao wanataka vita. Coriolanus anawanyima watu neno, na kunyima huko kunamwangamiza. Mmoja ni mtu aliyemezwa na imani ya wengi, mwingine ni mtu aliyeikataa. Ni vizuri kwa wanafunzi kuzisoma tamthilia hizo mbili pamoja, maana wataona kwamba Hussein pia hakuufanya umma kuwa kitu kimoja: wapo wenye shaka, wapo wenye haraka, wapo wenye hofu.

Mama na mkono

Tumesema kwamba Coriolanus anasimama peke yake. Kwa kweli hasimami. Anapokuja kuiteketeza Roma anajitahidi kusimama kama mtu aliyejizaa mwenyewe, asiye na ukoo. Volumnia anapowasili na mke wake, mtoto wake na Valeria, jitihada hiyo inavunjika. Methali yetu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tanzia hii inatuonyesha upande mchungu wa methali hiyo, yaani mtu aliyefunzwa na mamaye vizuri mno: akafunzwa kufurahia majeraha, kudharau wenye mavazi duni, na kutokuinama. Kisha mama yule yule anamwomba ainame. Baada ya maneno yake, agizo la jukwaani lililo katika chapa ya mwaka 1623 linasema tu kwamba anamshika mkono, kimya. Mwongozaji asiuharakishe ukimya huo. Katika tamthilia iliyojaa makelele, hapo ndipo mtu mmoja anaposalimu amri kwa mtu mwingine, na anajua kwamba itamgharimu maisha.

Anapouawa, anauawa tena mbele ya umati, safari hii wa Wavolski. Na hapa umati huo haupigi makelele matupu. Mmoja anataja mwanawe aliyeuawa, mwingine binti yake, mwingine binamu yake, mwingine baba yake. Mwaka 1959 Laurence Olivier alikufa kifo hicho kwa kujirusha kutoka juu na kuning'inizwa kichwa chini akishikwa vifundo vya miguu, na watu wa Ulaya wakakumbuka mwisho wa Mussolini. Lilikuwa tendo la ajabu la mwili. Lakini sisi tunasisitiza zaidi sauti zile nne. Kwa nukta moja fupi, wale ambao shujaa hakupata kuwaona wanasema majina ya uhusiano wao, na tunajua ushujaa wake ulijengwa kwa miili ya nani.

Kuigiza shuleni

Kwa walimu watakaopenda kuiigiza tanzia hii au sehemu zake, tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha. Umati usiwe wa wanafunzi arobaini wanaopiga kelele. Wanane wanatosha, na kila mmoja apewe kazi: mwoka mikate, mchukuzi, mjane wa askari, fundi viatu, kijana aliyekuwa vitani chini ya Martius. Watu hao hao waonekane tangu mwanzo hadi mwisho, ili mtazamaji amtambue aliyetoa kura, aliyeiondoa, na aliyejuta. Kisha hao hao wawe Wavolski wa mwisho, kwa kubadili nguo moja tu.

Watetezi wa umma wasifanywe vichekesho. Hila wanazo, lakini hofu yao juu ya Coriolanus ni ya haki, kwani alisema kwa kinywa chake kwamba angewaondolea watu utetezi wao. Naye Coriolanus asifanywe zimwi. Aigizwe na mwanafunzi anayeweza kutufanya tumpende kwa ukweli wake dakika ile ile tunapomwogopa. Jukwaa liwe uwanja, watazamaji wakae pande zote, na baada ya mchezo darasa lijadili swali moja: ni katika onyesho gani mambo yangeweza kwenda kwingine, na ni nani angepaswa kusema nini?

Wahenga walisema, Wengi wape. Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kumnyamazisha mtu mmoja, na mara nyingine ni haki anyamaze. Lakini tanzia ya Coriolanus inatutaka tuitazame tena. Wengi wape nini? Wakipewa ngano badala ya nafaka, hawajapewa kitu. Wakipewa kura na kunyimwa muda wa kufikiri, wamepewa kisu kisicho na mpini. Naye mtu mmoja akipewa sifa zote za vita asifundishwe kumwomba jirani yake kwa upole, jamii nzima imemkosesha. Jukwaa linaloonyesha pande zote mbili hizo kwa uaminifu litakuwa limewasaidia vijana wetu kuujua wajibu wao siku watakapokuwa wao ndio wengi, na siku watakapojikuta kila mmoja yuko peke yake.